Mahabusu Mweupe wa Idara ya Utulivu

Idara ya Utulivu wa Mji inawatangazia wakazi wote wa Isiolo, wakiwemo waliolala, kwamba kelele hatimaye imepatikana. Imekamatwa mtaani Kiwanjani ikiwa hai, nyeupe, yenye kishungi cha manjano, na imewauma maafisa wawili waliokuwa katika harakati za kulinda amani.

Tangazo hilo lilisomwa na Mkurugenzi Zachary Kiugu mwenyewe, kwa kipaza sauti, juu ya pikapu iliyozunguka mji mzima hadi mbwa wakabweka. Ilikuwa siku yake kubwa. Tangu idara iundwe alikuwa ametafuta kelele ya kudhibiti bila mafanikio. Jenereta zilikuwa na wenyewe, na wenyewe wanajulikana. Malori vilevile. Lakini huyu kokatoo, kasuku mkubwa anayepiga mayowe jua likichomoza na likitua, alikuwa wa Fosia, mjane anayeuza madera sokoni, na Fosia hakuwa na mtu serikalini.

Ndege aliitwa Bwana Harusi. Marehemu mume wa Fosia, dereva wa masafa marefu, aliachiwa ndege huyo na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na sasa ndege ndiye aliyebaki wa kumkumbusha Fosia sauti za nyumba yake. Alikuwa amekwisha kutafuna miguu ya meza, mlango wa kabati na rimoti. Fosia alimpenda hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwa Kiugu.

"Salaam aleikum. Nataka ndege yangu."

"Karibu, mama. Hiyo si ndege tena. Ni kielelezo."

"Kielelezo gani? Huyo akikaa peke yake anajing'oa manyoya mpaka anabaki kama kuku ya kuchemsha. Kifua yake si unaiona? Atakufa, wallahi."

"Ataachiliwa nikishapiga sahihi. Kuja kesho."

Tatizo la kesho ni kwamba Kiugu alikuwa mtu wa uongozi wa kisasa. Kila asubuhi alitundika koti lake kwenye kiti, kisha akaenda kusimamia duka lake la mabati. Koti likiwa kazini, serikali iko kazini. Mwananchi akija, karani Kate alimfungulia mlango. "Bosi yuko, ametoka tu kidogo. Si unaona koti?" Watu waliliangalia, wakathibitisha kwamba lipo, wakaenda zao. Fosia aliliamkia koti hilo siku baada ya siku, huku kizimba kikiwa pembeni na Bwana Harusi amejikunyata ndani yake, na moyo ulimuuma.

Siku moja Kiugu, akinywa chai kabla ya kutoka, alimpa mahabusu kipande cha chapati na kumkuna shingo. Hakukusudia ubaya. Hakujua tu kwamba kokatoo huchagua mtu mmoja, na akishamchagua hataki atoke machoni pake.

Kiugu alipofika mlangoni, kishungi kilisimama. Yowe lililofuata lilisikika hadi stendi. Lilikoma aliporudi kukaa. Akainuka tena, likaanza tena.

Mji ulielewa haraka kuliko idara. Ndege akilia, bosi hayuko, usijisumbue. Ndege akinyamaza, kimbia na makaratasi yako. Kwa kuwa kila akitoka mji ulijua, Kiugu alibaki kitini: wateja wa mabati walisubiri dukani, wenye shida walijaa ofisini. Abdighani, aliyekuwa amefuatilia kibali cha kibanda chake hadi akaota mvi, alikipata kabla ya adhuhuri akakaa chini kwa mshtuko. Kiugu alijaribu kuliegemeza koti kwenye kizimba ili limwakilishe. Bwana Harusi alikula vifungo, kisha kola, kisha akaendelea kupiga mayowe.

"Kate," Kiugu alisema kwa sauti iliyokauka, "ita yule mama."

Fosia alikuja mbio. Lakini alipomwona Bwana Harusi akimsugulia Kiugu kichwa kidoleni, wivu ulimshika waziwazi. Kisha akatazama kifua cha ndege. Manyoya yalikuwa yameota. Machozi yakamlenga.

"Mchukue, mama," Kiugu alimsihi. "Saa hii. Hata sahihi hatutaki."

"Mama Fosia, tuonee huruma!" foleni ililia. "Tuachie huyu ndege!"

Fosia alijifuta uso.

"Mchana mimi niko soko. Nikimfungia nyumba peke yake atajing'oa tena, na wewe utakuja tena na pikapu. Sasa, asubuhi nitamleta hapa. Jioni nitamchukua."

"Serikali haiwezi kulea ndege!" Kiugu alisema, akainuka kutoka nje kwa hasira. Yowe likapigwa. Foleni nzima ikamtazama. Akakaa, na kwa kukaa huko azimio likapita.

Idara imepiga hatua kubwa tangu hapo. Fosia humleta Bwana Harusi asubuhi, anakagua kama maji yamebadilishwa, anaenda sokoni na moyo mweupe. Juzi Mkurugenzi alimsubiri mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, shemeji yangu anazikwa kesho huko Meru. Nilikuwa naomba ruhusa."

Fosia alifikiri kidogo.

"Pole sana. Sawa, nenda naye. Lakini usimweke kwa jua, na watu ya huko wasimpe avokado. Inamuua."

"Sawa, mama," alisema Kiugu, akauliza kama chapati pia abebe yeye.