Muuza Chalali

"Sikilizeni hii!" alisema Kisu, mwenye bucha ya pale pembeni, simu kaishika juu. "Manispaa imebadili majina ya faili zote za leseni, elfu nne na ushee, kwa sekunde kumi na moja. Eti mapinduzi ya kidijitali!"

"Sekunde kumi na moja?" Mwalimu mstaafu, ambaye benchi zima lilimwita Kamusi, alishusha kikombe. "Ofisi ile ile iliyonizungusha wiki tatu ikitafuta faili langu moja?"

Mama Chai alikuwa anachochea moto, lakini jicho lake lilikuwa kwa Bonyeza, karani wa masjala ya leseni, aliyeketi katikati ya benchi kavimba kwa sifa hata vifungo vya shati vilikuwa mashakani. Alimjua huyu. Akikaa kimya namna ile, ujue anasubiri kubembelezwa aseme.

"Haya sema, usije ukatupasukia," Kisu akamwambia.

"Ni mimi!" Bonyeza akafunguka. "Mkurugenzi mpya kakuta kila faili lina kazi ya mtu, halafu neno hai. Kinyozi, hai. Fundi viatu, hai. Akawaka! Leseni haina mapafu, anasema, itakuwaje hai? Iandikwe halali. Wenzangu wakaanza kubadili moja moja, jasho linawatoka. Nikawaambia kaeni pembeni mjionee. Nina programu. Unaiambia, kila ukiona hai, weka halali. Unabonyeza. Kwisha habari."

"Ulikagua kabla ya kubonyeza?" Kamusi akauliza.

"Ilinionyesha orodha ndefu mpaka kesho. Nani ana muda huo? Nikabonyeza Sawa."

"Haraka haraka..."

"Haina baraka, tunajua, mwalimu. Huo msemo alitunga mtu asiye na kompyuta."

Benchi likaangua kicheko. Hata Mama Chai alicheka, na bado alikuwa anacheka askari wa manispaa alipokuja kusimama mbele ya jiko lake na kishikwambi mkononi.

"Leseni, mama."

"Hiyo hapo ukutani, baba. Nimeiwekea na kioo."

Askari hakuitazama. "Karatasi hata mtoto anachapa. Ukweli uko kwenye mtambo. Nimetafuta chai tangu asubuhi, hakuna. Mji mzima huu hauna muuza chai hata mmoja."

"Makubwa! Na ulichokunywa jana hapa kilikuwa nini?"

"Jana ni jana. Saa sita narudi na gari. Sufuria, jiko, benchi, vyote vinapanda."

Miaka kumi na minne Mama Chai yuko pale. Jiko lile limesomesha watoto watatu, na wa nne yuko darasani sasa hivi anaandika mtihani. Hana shamba, hana mume wa kumlilia, ana hizo sufuria. Aliogopa, aliogopa sana, na woga wake ukatokea mdomoni kama hasira.

"Kibanda hiki ni namba kumi na saba," alifoka. "Tafuta kwa namba! Nisomee hapo nimeandikwa nani!"

Askari akapapasa kioo cha kishikwambi, akakunja uso. "Namba kumi na saba. Muuza... chalali."

"Chalali ndiyo nini?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye muuza chalali?"

Kamusi alifumba macho, midomo ikimchezacheza. "Chai," akanong'ona. "Toa hai, weka halali. Che inabaki imeduwaa mlangoni..." Akafumbua macho na kumgeukia karani. "Ewe mtoto wa watu! Hai imo ndani ya chai!"

Kisu alicheka mpaka akakumbatia nguzo. "Mama, niongezee chalali, sukari kidogo!"

"Subirini," Kamusi akasema, uso umemsawijika. "Na chama changu cha mashairi?"

Askari akatafuta. "Kipo. Chama cha Mashalaliri."

"Miaka thelathini nimefundisha lugha!" Mzee akajishika kichwa.

"Jamani, msinitazame hivyo," Bonyeza akajitetea. "Programu imefanya kazi yake. Kosa ni la lugha. Nani aliwaambia waweke hai ndani ya chai?"

Mama Chai akachomoa upawa ndani ya sufuria, unafuka moshi, akamsogelea. "Bonyeza, mwanangu. Ikifika saa sita mimi si muuza chai, utakunywa hii yote ikiwa moto, na sufuria utaitafuna."

"Mbona rahisi, mama! Nageuza tu. Kila penye halali narudisha hai." Alikuwa ameshasimama. "Sekunde kumi na moja!"

"Safari hii ukague!" Kamusi akampigia kelele, lakini kijana alishakata kona.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Mama Chai alimimina chai nje ya vikombe, na Kisu hakumpa nafasi ya kupumua. "Mtambo haukosei, mama. Zoea tu chalali. Mimi kazi yangu jina limenyooka, hata waliguse vipi." Alitamani ammwagie, akakumbuka majani yamepanda bei.

Saa sita kasoro gari likaja, likasimama bila kuzima injini. Askari akashuka, akapapasa kioo chake, akapapasa tena.

"Namba kumi na saba. Muuza chai, hai."

Mama Chai alikaa juu ya ndoo akalia mbele za watu, bila aibu, mpaka kilio kikageuka kicheko.

"Na huyu wa kumi na nane?" askari akauliza.

"Mimi huyo!" Kisu akajipiga kifua. "Bucha ya Nyama Halali. Soma kibao!"

"Hapa pameandikwa Bucha ya Nyama Hai."

Kisu akachungulia kishikwambi. "Ala! Ni yule mwehu! Kageuza kila halali, mpaka ya kwangu! Hilo ni kosa!"

"Mtambo haukosei, Kisu," Mama Chai akasema, akijifuta machozi kwa aproni. "Umenifundisha mwenyewe asubuhi."

"Mkuki kwa nguruwe..." Kamusi akaanza.

"Usimtaje huyo mnyama mbele ya bucha yangu!"

Askari alikuwa ameshaingia ndani. Alilizunguka paja lililoning'inia, akalibonyeza kwa kidole, akasubiri kidogo.

"Hii imekufa."

"Ndiyo imekufa! Ulitaka niuze inatembea?"

"Leseni yako ni ya nyama hai." Askari akaandika, akafunga kalamu, akapanda gari. "Saa nane narudi. Nikute inalia."