Shokapu za Tik Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Zimebaki siku kumi na mbili Tabitha aolewe. Binti yangu wa pekee! Anaolewa na mwalimu kijana wa Issenye, hana neno. Nimetangaza mbele ya ukoo mzima: kutoka hapa Susuni hadi kanisani Tarime mjini nitampeleka mwenyewe, kwa Spoti, gari langu jekundu la mwaka 1972. Niliinunua kwa Mzungu aliyefunga kambi yake ya watalii kule Serengeti. Milango miwili. Wilaya nzima hakuna nyingine.

Tatizo dogo: nyuma imelala. Shemeji Joel alikuja na Noah yake, akaizunguka Spoti mara mbili, akasema inafanana na fisi aliyechutama. Wanawake wote walicheka. Mke wangu Agustina, dada yake huyo Joel, alicheka kuliko wote. Tabitha hakucheka. Alisema ananipenda, ila nikimrusharusha gauni likaharibika, atahamia kwa mjomba.

Mjomba! Nimemlea mimi. Nitamfikisha mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Sirari, kwa fundi Otiende. Amenipatia kutoka ng'ambo ya mpaka shokapu mbili za nyuma zinazorekebishika. Mali! Kila moja ina kigurudumu kidogo cha kuzungusha, nacho kinalia tik, tik. Tik kumi na sita, kutoka laini hadi ngumu.

Kisha akaniharibia furaha. "Mzee, shokapu haibebangi uzito," akasema. "Springi ndio hubeba. Shokapu inatuliza tu gari isidunde. Springi zako zimechoka, tuanze na hizo."

Nikamwuliza ana umri gani. Thelathini na moja. Spoti ina hamsini na tatu. Nani amfundishe mwenzake? Nimebeba shokapu zangu nikaondoka. Nitazifunga mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku tatu chini ya gari. Bolti zimeshika kutu, hazitoki kwa spana wala kwa matusi. Nilizilowesha dizeli. Zikatoka, moja ikatoka pamoja na ngozi ya kidole changu. Nilipomaliza kufunga nikagundua vigurudumu vyote viwili vimeelekea ndani, mkono haufiki. Nikafungua tena. Sikumwambia mtu.

Leo mchana, ushindi! Nilipima, nyuma imeinuka vidole viwili. Nikaita familia, nikahutubia. Agustina akauliza kwa upole kama ile tairi ya akiba iliyoegemea ukuta wa jiko si ndiyo iliyokuwa kwenye buti.

Ndiyo. Lakini maswali mengine ni ya kumvunja mtu moyo tu.

Jumapili, 10 Agosti

Majaribio. Tik kumi na sita, ngumu kabisa. Agustina kakaa mbele, trei ya mayai ya keki mapajani. Tuta la kwanza, kichwa changu kikagonga paa. Mayai yalikuwa thelathini, yamebaki manne. Kuku wa siku hizi wana maganda mepesi.

Nikazirudisha hadi laini kabisa. Gari likiingia shimo moja linanesanesa mpaka shimo linalofuata. Agustina alishuka, akarudi nyumbani kwa bodaboda. Nikaweka tik nane. Safi sana! Bahati mbaya hapakuwa na shahidi.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Nilisahau mashangazi!

Kwenye ukoo wetu bibi harusi hatoki kwa baba yake bila shangazi kila upande, na dada zangu hawana mzaha na hilo. Verdiana ni mwembamba. Wegesa ni dada yangu mkubwa, na ninamheshimu. Kiti cha nyuma cha Spoti kilitengenezwa kwa watoto wawili wa Kizungu.

Nimepata dawa. Wegesa atakaa kushoto, basi kushoto tik kumi na sita. Verdiana kulia, tik tatu. Gari litanyooka lenyewe! Otiende akapiga simu: springi bado zipo, anaweza kuja kuzifunga kesho. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Jumamosi, 16 Agosti

Wegesa alikaa kulia. Shangazi mkubwa hukaa kulia, alisema, hata mtoto anajua. Nilimwomba ahamie kushoto. Akauliza kwa nini, mbele ya watu wote. 

Nikalala chini ya gari na suti yangu. Nyimbo zikakatika, vigelegele vikakatika. Nikazungusha kulia hadi kumi na sita, nikatoka na oili toka kola hadi kiunoni. Tukaondoka, nyuma ikiburuta. Tuta la kwanza, ekzosi ikabaki barabarani. Spoti ikanguruma mpaka ng'ombe wa kule Nchagwa wakaingia kwenye mihogo ya watu. Tuta la pili, springi ikakatika: paa! Spoti ikakaa chini, haikuinuka tena.

Noah ilikuwa nyuma yetu, mlango umeshafunguliwa. Joel akatupangusia viti. Afadhali angenicheka.

Nikatangaza kwamba nabaki na gari langu. Niliumia, naandika ukweli. Tabitha akanirudia, akanishika mkono. "Baba, twende. Nitaingiaje kanisani bila wewe?"

Nimekwenda kwa Noah, kiti cha nyuma kabisa, katikati ya masufuria ya sherehe. Mlangoni mwa kanisa akaushika mkono wangu na oili yake yote. Vidole vyangu vitano vimebaki kwenye gauni. Hakuvifuta. Nililia kidogo, na wala sioni aibu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari kwa makini. Shokapu hazina kosa. Kosa ni kwamba za nyuma zilifanya kazi peke yake, za mbele zikaziangusha. Otiende anasema springi. Tena springi! Nimemwambia aagize shokapu za mbele, za tik ishirini na nne.

Baba mzazi wa mkwe wangu amenipigia kunipa pole. Binti yake naye anaolewa Desemba, huko huko Issenye. Nikajitolea kumpeleka kanisani. Akauliza kama nina hakika.

Nikamwuliza binti ana mashangazi wangapi. Wanne.

Nimemwambia wapande wote.