Bati Jeusi na Ngozi ya Embe

Leo nimeaibika. Ruangwa, saa nne asubuhi, ndani ya duka lililojaa wateja. Mimi, mwalimu, mtu mzima mwenye digrii mbili na mvi za kutosha!

Dada yangu Somoe, wa Nambambo, hutengeneza ngozi ya embe. Ni rojo ya embe unayoitandaza nyembamba, ukaikausha, kisha ukaibandua na kuikunja. Yeye huianika juani, kwenye mkeka uliotandikwa kitambaa, siku tatu, huku akifukuza nzi na kuchungulia mawingu. Hutoka ya kahawia, lakini laini, na utamu wake haukimbii. Wiki iliyopita Mama Zuhura, mwenye duka Ruangwa, alimwambia: "Niletee nionje. Ikinipendeza, msimu mzima nachukua kwako."

Dada alifurahi. Mimi nikaona hapa panahitajika elimu. (Hapa ndipo mngenizuia.)

"Dada, jua la wazi linaua rangi," nikamweleza. "Na mvua hizi? Dawa ni kikaushio. Sanduku, bati chini, nailoni juu, joto linabaki ndani. Siku moja tu!"

"Mdogo wangu, ya kwangu watu wanaila."

"Wanaila kwa sababu hawajaona nyingine."

Akanipa ndoo nzima ya rojo. Akajibakizia ya mkeka mmoja.

Sanduku nililiunda kwangu, Nachingwea. Bati nikapewa na jirani. Lilikuwa jeusi tii. Nikashangilia: weusi hunyonya joto, hata rangi sihitaji! Nikalisugua kwa sabuni, nikalipaka mafuta ya kupikia, nikamwaga rojo. Jioni imekauka, rangi ya chungwa, inang'aa. Nikapiga picha, nikaiweka hapa. (Ndiyo ile mliyoipongeza jana. Nimeifuta.) Sikuonja. Nilitaka Mama Zuhura awe wa kwanza.

Dada alikuja dukani na kapu, ngozi yake ameifunga kwenye kanga.

"Hiyo iache kwanza," nikamnong'oneza. "Itatuangusha."

Akalisukuma kapu chini ya benchi.

"Rangi hii! Kama imetoka kiwandani!" alisema Mama Zuhura. Nikamtupia Dada jicho. Mama Zuhura akang'ata. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mwalimu, mbona inawasha?"

"Ni uchachu wa embe, mama."

"Uchachu gani? Inachoma!"

Ili kuokoa jahazi nikachukua kipande kikubwa, nikakitafuna mbele ya wote, natabasamu. Tabasamu halikumaliza hata nusu dakika. Midomo iliwaka moto.

Dada akanitazama. "Bati ulipewa na nani?"

"Jirani."

"Jirani yupi?"

"Yule... anayebangua korosho."

Duka zima kicheko. Bati lile lilikaangiwa korosho miaka na miaka. Ule weusi ulikuwa mafuta ya maganda, na joto langu la kitaalamu liliyalainisha yakaingia kwenye embe. Hakuna mtoto wa huku asiyeyajua: ukibangua korosho mbichi kwa meno, midomo inababuka na kijiji kizima kinajua umeiba. Mimi nimezaliwa huku. Nilibabuka nikiwa darasa la pili!

"Mwalimu, korosho za nani hizo umeiba?" akauliza bibi mmoja aliyekuja kununua chumvi.

Dada akainama, akatoa kanga yake chini ya benchi. "Mama Zuhura, onja na hii. Ya mkekani, nimeianika mwenyewe."

Mama Zuhura, kitambaa cha maji mdomoni, akatikisa kichwa. "Zimetoka nyumba moja, dada yangu. Mimi sionji tena."

Njiani kurudi Dada hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifungua kanga akawagawia abiria, kipande kwa kipande, na kila mtu akaisifu. Mimi hakunipa.

Chekeni kama ni lazima. Mkimaliza, anayejua duka linalotaka ngozi ya embe ya kahawia amtafute Dada Somoe, Nambambo. Jina langu asilitaje.