Vioo Viwili Hadi Geita

Jumatatu, 3 Agosti 1936. Shinyanga.

Kioo cha kulia cha tela kimevunjika saa tatu na robo asubuhi, pale Ibadakuli, maili tano tu kutoka nyumbani. Habari hii imetolewa na Theonest, dereva wa lori. Ameitoa akitabasamu. Jiwe lililokivunja lina ukubwa wa yai la njiwa. Nimelipima. Nimelihifadhi.

Nieleze mambo yalivyo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nitakapokuwa maarufu. Mimi Salehe, mpiga picha. Bi Mwanaidi, mwenye lori, amenunua tela kutoka kwa mpima madini mmoja aliyerudi kwao. Ni nyumba ndogo ya mbao juu ya magurudumu mawili, yenye vioo viwili vikubwa upande wa mbele. Vioo hivyo ndiyo kazi yenyewe. Bila mwanga wake hakuna picha, na Geita kumejaa wachimbaji wanaotaka picha za kupeleka kwa mama zao.

Bi Mwanaidi ametangulia huko. Ameacha sharti. Tela lifike Geita kabla ya adhuhuri ya Jumamosi, vioo vyote viwili vizima, na mimi niwe msimamizi wa studio. Kikivunjika hata kimoja, madirisha yazibwe kwa mbao na tela liwe mgahawa wa chai wa Paskazia. Paskazia ni nani? Mke wa Theonest!

Tumerudi mjini. Fundi Maganga ameweka kioo cha akiba. Amesema kingine hakipo mpaka Mwanza. Nimemjibu kwamba hakitahitajika. Tayari nina mpango.

Jumanne, 4 Agosti.

Waya wa kuku! Nimeukata, nimeupigilia kwenye fremu ya mbao, safi kabisa. Sikuujaribu juu ya kioo cha tela; mimi si mjinga. Nimetumia kioo cha kujitazamia cha Bi Zamoyoni, mwenye nyumba ninayopanga, ambaye alikuwa sokoni. Nilimwomba Theonest arushe mawe. Alikubali haraka mno.

Matokeo: mawe makubwa manne yalizuiwa. La tano, dogo kama punje ya mahindi, lilipita katikati ya tundu bila hata kugusa waya. Theonest alisema waya ule unazuia kuku, na jiwe lile si kuku.

Bi Zamoyoni alirudi mapema. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Aliuliza kioo chake kiko wapi. Nilimwambia kimetumika katika utafiti. Aliuliza utafiti huo unaishi mtaa gani, aende akauchape.

Amekataa kunipikia, nalala na njaa. Mpango wa pili umekamilika kichwani.

Jumatano, 5 Agosti.

Ngozi ya ng'ombe! Nashangaa nchi nzima inafuga ng'ombe na hakuna aliyewaza. Nimepata ngozi mbichi ya fahali kutoka machinjioni, nzito, ina manyoya yake. Jiwe gani litapita hapo? Nimeilowesha iwe laini, nimeivuta kwa nguvu zangu zote, nimeipigilia juu ya madirisha yote mawili. Misumari arobaini na minane. Imekaa bila kunyanzi hata moja.

Akapita Mzee Nkwabi, mtengeneza ngoma. Akanisalimu mwangaluka, akaibonyeza ngozi kwa kidole, akauliza kwa nini sikuacha nafasi. Alisema ngozi mbichi ikipigwa na jua inajivuta, na inavuta chochote kilichofungwa nayo. Yeye mwenyewe imewahi kumpasulia mzinga wa ngoma. "Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "hiyo si shuka."

Nilimweleza kwa upole kwamba mimi sitengenezi ngoma, natengeneza dirisha. Alicheka mpaka akaketi chini. Akauliza tunaondoka lini. Nilipomwambia kesho asubuhi, alisikitika kweli. Alisema angependa sana kuwepo.

Wivu wa kazi. Mbwa saba wamezunguka tela tangu alasiri. Nimeuhesabu huo kuwa ulinzi wa ziada.

Alhamisi, 6 Agosti. Njiani, maili ya ishirini na mbili.

Tumeondoka saa kumi na mbili. Saa mbili, shwari. Mawe yaligonga ngozi na kudondoka. Nilikuwa nimekaa na Theonest mbele, nikimhesabia kila pigo. Alikaza macho barabarani. Ushindi!

Saa tatu jua likawa kali. Saa nne na nusu Theonest akasimamisha lori, akasema tela linalia. Nilimwambia tela halilii. Lilikuwa linalia. Ngozi ilikuwa imekaza kama ubao. Fremu ya kushoto ilikuwa imepinda katikati, na kioo ndani yake kikitoa sauti nyembamba ambayo sitaki kuisikia tena maishani.

Nilikata ngozi kwa kisu. Sikufumba macho. (Theonest anasema nilifumba. Namwandika hapa kwa ajili ya haki.) Vioo ni vizima. Vyote viwili! Lakini fremu imepinda na misumari kumi na tisa imeng'oka yenyewe.

Kabla sijaondoa kipande cha pili, Theonest alikigonga kwa vidole. Kilitoa mlio mzuri. Akakigonga tena. Wachunga ng'ombe watatu waliokuwa wakipita waliacha mifugo yao wakacheza. Mmoja aliniuliza tunapiga wapi Jumapili.

Siku yote imekwisha kwa kunyoosha fremu. Theonest alinisaidia, ingawa mkewe ndiye atakayefaidika nikishindwa. Nilimuuliza kwa nini. Alisema lori ni lake kuliendesha, na hajawahi kufikisha mzigo umevunjika, hata mzigo wa mpumbavu. Nimemsamehe neno la mwisho.

Ijumaa, 7 Agosti. Kharumwa.

Asubuhi nilikuwa na madirisha mawili wazi na karibu maili sabini mbele yangu. Nilikuwa nimekaa kando ya barabara nikiwaza, na Theonest akinunua michembe kwa mama mmoja aitwaye Mbuke, anayeuza viazi vyake vya kukaushwa kwenye ungo. Mama Mbuke aliuliza tunaomboleza nini. Theonest alimweleza.

Alikuja akatazama kioo. Akatazama lori. Akauliza mawe yanatoka wapi. Nilimwambia barabarani. Akauliza nani anayarusha. Nilitazama barabara, mbele na nyuma. Akasema ni yale magurudumu ya nyuma ya lori, hata mtoto wa kubebwa anayaona, na kama mtu anakutupia mawe unamshika mkono yeye, hukimbilii kujifunika gunia. Akaomba vile vipande vya ngozi vilivyokauka. Akatoboa matundu kwa msumari, akavining'iniza kwa kamba nyuma ya magurudumu, karibu viguse ardhi. Alimaliza kabla Theonest hajamaliza michembe yake.

Nilimruhusu, kwa heshima ya umri wake. Lakini mambo ya vioo hayaachiwi kamba na ngozi. Nilikuwa nimekwisha kupata mpango halisi. Kioo huvunjika kwa sababu kinatetemeka. Kikishikiliwa kwa ndani, hakitetemeki. Hakitetemeki, hakivunjiki. Nikaingia ndani ya tela, nikasimama katikati ya madirisha, nikanyoosha mikono, kiganja kimoja kwenye kila kioo. Nikampa Theonest amri ya kuondoka.

Maili arobaini katika hali hiyo! Mabega yaliungua. Vumbi lilinijaa meno. Nzi mmoja alikaa kwenye pua yangu kwa maili nne, naye alijua sina mkono wa kumfukuza. Kila kijiji watu walisimama kututazama. Hapa Kharumwa wanawake waliuliza mfungwa huyu wa dirishani amefanya nini. Theonest aliwaambia ameua kioo cha mwenye nyumba wake. Walinipa pole na maji.

Vioo: vizima viwili. Mawe yaliyogonga vioo: hakuna. Viganja vinafanya kazi!

Jumamosi, 8 Agosti. Geita.

TUMEFIKA. Saa tano na dakika arobaini, kabla ya adhuhuri. Vioo viwili. Vizima.

Bi Mwanaidi alifuta kila kioo upande wa nje kwa ncha ya kanga yake, akakigonga kwa ufunguo, akasikiliza. Kisha akatangaza mbele ya watu wote waliokuwapo kwamba Salehe ndiye msimamizi wa studio. Wachimbaji walipiga makofi. Nilijaribu kuinua mikono kuwashukuru lakini ilikataa kuinuka.

Theonest alimwita Bi Mwanaidi nyuma ya lori akamwonyesha ngozi. Zilikuwa na alama za mawe thelathini na moja. Alisema mama muuza michembe ndiye anayestahili studio. Mimi nilimwonyesha viganja vyangu, na alama zake kumi za vidole upande wa ndani wa vioo, tano kila kimoja. Bi Mwanaidi alitazama ngozi, akatazama vidole, akasema yeye alitaka vioo na vioo amepata, sasa tumpunguzie kelele.

Mteja wa kwanza: Marselino, mchimbaji. Alitaka picha akiwa amevaa viatu. Hakuwa na viatu. Nilimwazima vyangu. Mwanga wa vioo vile ulimwangukia usoni akaonekana kama mtu aliyekwisha kupata dhahabu. Alipojiona pichani alisema mama yake hatamjua. Nilipiga picha kumi na nne leo. Theonest alinibebea kamera. Sikumwomba, aliagizwa.

Jumapili, 9 Agosti.

Bi Mwanaidi ameamua turudi Shinyanga na tela ili lipakiwe karatasi na dawa za kusafishia picha. Ameniachia mimi kila uamuzi unaohusu vioo, kwa sharti lile lile: kikivunjika kimoja, ni mbao na chai. Hatimaye!

Nimeanza kazi mara moja. Zile ngozi nimezifungua kwenye lori. Zinanuka, zinavuta nzi, na zinawapa watu wasio na elimu mawazo ya uongo. Nimezitandika sakafuni ziwe zulia la wateja. Zimependeza. Viganja nimevipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa vitafanya kazi maili zote tisini na tano safari hii.

Theonest sikumwelewa. Nilitegemea ubishi. Hakubisha hata neno. Alitazama magurudumu matupu, akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia asilimia mia. Basi akaomba futi ya fundi, akapima madirisha yote mawili, urefu na upana, akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi. Kisha akaenda kutuma barua kwa Paskazia, akipiga mluzi. Nadhani anamwelezea mkewe ukubwa wa ushindi wangu.

Tunaondoka kesho, Jumatatu tarehe 10, saa moja kamili asubuhi.