Mkufunzi wa Siri wa Mita Mia Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule katangaza mstarini: mashindano ya kanda ni Jumamosi. Atakayeshinda ataenda ya taifa pamoja na kocha wake. Basi lenye kiyoyozi! Hoteli! Wanafunzi elfu mbili na mia tatu wakapiga makofi. Nikawazidi wote. Kisha nikakumbuka kuwa mimi ni mwalimu wa jiografia. Kocha ni Filimbi, mwalimu wa michezo, tunayemwita hivyo kwa sababu hata siku ya harusi yake aliivaa shingoni. Miaka kumi na moja mimi nafundisha pepo na mvua, yeye anasafiri. Haiwezekani.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana. Mkimbiaji wetu bora wa mita mia nane ni mtoto wa dada yangu, Kidato cha Tatu F. Damu yangu! Nimemnasa nje ya maabara, nikamwambia Filimbi anamchosha bure, mimi nitamnoa. Akaniuliza, “Mjomba, umewahi kukimbia?” Nikamjibu nimesoma. Amekubali. Kwa adabu tu, nadhani.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi ya siri nyuma ya karakana ya useremala. Sayansi tupu: upepo wa asubuhi unatoka mashariki, kwa hiyo atoke kwa nguvu zote, upepo umsukume. Akataka kujua upepo huo utakuwa wapi akishakata kona. Maswali mengi. Hayo karithi kwa baba yake.

Alhamisi, 6 Machi
Mchujo wa shule. Alichomoka kama risasi. Mzunguko wa kwanza kawaacha wenzake hatua arobaini! Nilishangilia hadi miwani ikaanguka. Mzunguko wa pili miguu ikagoma. Akawa wa tano. Akakaa kwenye nyasi, analia bila sauti. Filimbi akachuchumaa kando yake, akamuuliza nani kamfundisha kukimbia vile. Mtoto akanitazama mimi. Hakunitaja. Nami nikayachunguza mawingu. Yalikuwa mawingu ya kawaida.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kanipigia simu. Hakufoka, jambo linalotisha zaidi. Alisema mtoto hajala tangu jana, na kwamba najua la kufanya.

Nikaenda stoo ya michezo. Filimbi alikuwa anajaza mipira upepo. Nikamwambia yote. Akajaza mipira mingine miwili mizima. Kisha akasema alishahisi, maana binti huyo hukimbia kwa akili, na jana alikimbia kama anafukuzwa na nyuki. Kocha anaruhusiwa kuongeza mkimbiaji mmoja nje ya mchujo. Jina la binti alishaliandika. Akaniomba kesho nimshikie saa ya kupimia. Niliona aibu. Aibu ya kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Mzunguko wa kwanza, wa mwisho kabisa! Nilifungua mdomo. Filimbi akanishika mkono wa shati. Nikaufunga mdomo. Mzunguko wa pili akaanza kuwapita: mmoja, wawili, wote. Wa kwanza! Saa nilisahau kuisimamisha. Alimkimbilia Filimbi, wakakumbatiana, halafu akaja kwangu. “Mjomba, asante kwa kunyamaza.” Dada alilia. Mimi ni vumbi tu liliniingia machoni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelitafakari kwa utulivu. Alhamisi alichoka, akapumzika, Jumamosi akashinda. Kwa hiyo mbinu yangu inafanya kazi, ila huchelewa siku mbili. Filimbi hana habari, anafunga mabegi ya taifa. Sina kinyongo.

Leo chakula cha mchana nimekaa na binti anayetupa tufe. Mabega mapana, ana uwezo, anakosa jiografia tu. Nimemweleza kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki. Akilitupa tufe magharibi, uwanja wenyewe utasogea chini yake likiwa bado hewani. Mita tatu za bure! Aliacha kutafuna. Nimeshamwandikia mkuu wa shule kuomba duara la kutupia ligeuzwe.