Phayu na Sabuni ya Ndimu

Jumatatu, 4 Novemba
Ketsara, binti wa dada yangu, kaenda Chiang Mai kwenye semina ya walimu. Atarudi Jumamosi. Jumapili, kwenye sherehe ya hekalu, atamwingiza samaki wake Phayu kwenye mashindano ya urembo ya samaki wapiganaji. Amemlea miezi minane tangu akiwa mdogo kama kope. Kaniachia mimi. Nani mwingine? Mimi niliwahi kumfundisha samaki kuitikia mluzi! Kaniambia, mjomba, mpe punje tatu kwa siku, usiguse kitu kingine. "Usiguse" kairudia mara nne. Watoto wa siku hizi hawajui kuongea na wataalamu.

Jumanne, 5
Aibu! Maji ya Phayu yana rangi ya chai iliyolala. Ndani, jani bovu la mti wa mkungu. Na kinyozi Thawin wa ng'ambo ya kichochoro, mwenye samaki arobaini na kiburi cha mia, anashindana pia. Atasema sisi wachafu. Hapana! Phayu nikamtia kikombeni. Jani, jalalani. Tangi nikalisugua kwa sabuni ya vyombo, ile ya ndimu, mpaka kioo kikalia kwii. Maji mapya ya bomba, pomoni. Linang'aa kama jino la dhahabu.

Jumatano, 6
Phayu kalala chini, kapauka. Nadhani ni utulivu wa aliyeoga.
Thawin kapita, kachungulia, kashika kiuno. "We Wichian, umemwogesha au umemkaanga?" Eti jani la mkungu ni dawa yake. Eti maji ya bomba yana kemikali, sharti yalale mtungini siku mbili. Eti unabadilisha theluthi tu, na sabuni haikaribii kabisa. Nikamjibu hayo ni mambo ya babu zake. Alipofunga mlango nikakimbia jalalani. Jani halipo. Nikakimbilia mkungu wa hekalu, nikaokota jani kavu mbele ya watawa wawili. Nikasema ni la kufanyia utafiti.
Tangi nikalisuuza mara saba. Maji ya mtungini, yaliyokwisha kulala. Jani ndani.

Alhamisi, 7
Kaamka! Anakula! Mimi ndiye niliyemponya.
Ila mpiganaji bila mazoezi ni mlenda. Nikamwekea kioo changu cha kunyolea. Akajiona, akatanua mapezi kama mwavuli wa mfalme. Thawin huwaonyesha samaki wake kioo dakika tano. Thawin ana haraka. Mimi nikakiacha, nikaenda kucheza dama.
Niliporudi alasiri, Phayu alikuwa bado anagombana na nafsi yake. Pezi la mkia limechanika.

Ijumaa, 8
Haogelei. Hali. Nimekwenda kwenye kibanda cha mizimu uani, nikawasha ubani, nikaweka soda nyekundu na mrija wake. Nikaweka nadhiri: Phayu akipona, nitacheza ngoma hapa mchana kweupe, nimevaa sketi ya dada yangu. Mdomo wangu una haraka kuliko akili.
Halafu, nimeinamisha kichwa, nikampelekea Thawin tangi, Phayu ndani. Hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi, 9
Ketsara karudi. Thawin kamrudisha Phayu akiwa hai, kachangamka, ila mkia kama bendera iliyopigwa na tufani. Ketsara kalitazama lile pezi muda mrefu. Kaniuliza kwa upole, mjomba, uligusa nini? Nikasema, karibu hakuna. Akasema atashindana mwakani, akaenda chumbani.

Jumapili, 10
Samaki wa Thawin kashinda. Kombe lake dogo, nimelipima kwa macho.
Nadhiri ni nadhiri. Saa sita mchana nikacheza. Sketi ilinibana, kichochoro kizima kilikuja na viti. Thawin alipiga makofi ya mdundo akipiga kelele, "Kata kiuno, bibi harusi!" Ketsara alicheka mpaka akakaa chini. Kanishika mkono, kanisamehe, kasema, ila mjomba, usimguse tena.
Sawa. Lakini tuseme ukweli: nani aliweka nadhiri? Nani aliokota jani? Nilimponya mara mbili ndani ya wiki moja. Thawin hajawahi.
Sasa hivi nimepita karibu na tangi. Rangi ya chai iliyolala, tena! Ketsara kesho anaingia darasani saa mbili. Sabuni imebaki nusu. Nimeificha nyuma ya mtungi.