Doa la Mawese kwenye Shati la Radjabu

Njoni, enyi wa Rumonge na wa Gatete, wekeni chini mizani na makasia, msikie jinsi Assumani bin Idi, mchora vibao, simba wa brashi, alivyomshinda adui asiyepigwa kwa upanga: usafi!

Ulikuwa mwaka wa sitini na mbili, bendera mpya haijashika hata vumbi. Mwasiti, mjane wa Radjabu mkamua mawese, alitaka wajukuu wamwone babu yao, ambaye hakuacha picha hata moja. Assumani akapiga bismillahi, akamchora akitwanga ngazi, yale matunda ya mawese, kwenye karatasi ishirini na nne, akazishona kijitabu. Ukizipeperusha kwa kidole gumba, mchi ulipanda ukashuka, na marehemu akawa hai.

Mwasiti akaguna kama radi ya ng'ambo ya ziwa. "Fundi, huyu mutu anaenda harusi? Mume wangu alikuwa safi siku moja tu, ile tulimuzika. Wajukuu watamuamkia mugeni!"

Shujaa akarudi vitani, mkaa mkononi kama mkuki, akachafua magoti, viwiko na kifua, karatasi baada ya karatasi. Ole wake! Alipopeperusha, madoa hayakutulia. Yalirukaruka mwili mzima.

"Sasa iko na nzi," akasema Mwasiti. "Ukishindwa tena, nitawasha jiko na hii kitabu."

Assumani akafuta mkaa wote kwa tonge la mkate, akamwomba Mola njia. Alipofungua gazeti lililofungia samaki wake wa kukaanga, akaona mafuta yamepenya kurasa zote: doa moja, mahali pamoja.

"Allahu akbar!" akanguruma. "Jeshi litaingia kwa mlango mmoja!"

Akakata uzi, akazipanga karatasi, ya mwisho ikiwa juu. Akadondosha mawese tone moja tu, pale tumboni alipozoea Radjabu kujifutia mikono, akaligandamiza kwa jiwe juani. Tone likazama kama jeshi, likipungua karatasi kwa karatasi, hata lisifike kabisa kwenye ile ya kwanza. Ndipo akashona upya.

Mwasiti akapeperusha. Radjabu alianza safi. Doa likachomoza, likakua kwa kila pigo la mchi. Mama akaichapa karatasi kwa kidole.

"Weye Radjabu! Nilikuambia nini juu ya hiyo mikono?"

Wengine na waandike habari za bendera. Sisi tumeshuhudia mtu wa karatasi akichafuka kwa haki, na mjane wake, machozi yakimtoka, akienda kumtafutia sabuni.